Sanaa ya taifa iko wapi? Mkusanyo wa Joseph Murumbi na nyumba zinazoutunza

Nje ya jumba la Nyaraka za Taifa, kwenye Moi Avenue jijini Nairobi, watu hawakosekani kuanzia alfajiri hadi usiku. Hapo ndipo wakazi wa jiji huambiana wakutane: "Nipate pale Archives." Mbele yake pana sanamu ya Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi katika barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969. Pana wapiga picha, wahubiri, wachuuzi na makondakta wanaoita abiria. Wengi wanaosubiri wenzao hapo hawajawahi kuingia ndani. Hawana habari kwamba nyuma ya ukuta walioegemea umewekwa mkusanyo wa sanaa ya Afrika ambao nchi nyingi za bara hili zingependa kuwa nao.

Walimu na wanafunzi hutuuliza mara kwa mara, sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi, kama Kenya ina makumbusho ya taifa ya sanaa. Jumba moja lililojengwa kwa kazi hiyo pekee halipo. Sanaa yenyewe ipo, lakini imetawanyika: sehemu iko Moi Avenue, sehemu iko Nairobi Gallery, sehemu iko kwenye kilima cha makumbusho, nyingine iko Lamu na kwenye makumbusho ya mikoani, na nyingine, kwa masikitiko, iko ng'ambo. Anayetaka kuielewa aanze na mtu mmoja, kwa sababu bila yeye sehemu kubwa ya tulicho nacho isingekuwepo.

Joseph Anthony Zuzarte Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa Mgoa mfanyabiashara, mama yake Mmaasai. Akiwa bado mtoto mdogo alipelekwa India kusoma, akarudi Kenya akiwa kijana katika miaka ya 1930. Alifanya kazi ya ukarani, kisha akakaa Somalia kuanzia 1941 hadi 1951 chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliporejea alijiunga na chama cha KAU (Kenya African Union). Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Murumbi ndiye aliyeishika kazi ya katibu mkuu. Mwaka uliofuata alitoka nchini ili kuwaeleza walimwengu yaliyokuwa yakitendeka Kenya, asirudi hadi 1962.

Miaka hiyo ya ugenini, mingi aliyoitumia London, ndiyo iliyomfanya mkusanyaji. Mchana alifanya kazi katika harakati za kupinga ukoloni, na baadaye katika ubalozi wa Morocco. Nje ya saa za kazi aliandama maduka ya vitabu vya zamani. Alitafuta kila kilichoandikwa juu ya Afrika: safari za wapelelezi, ripoti za wamisionari, kamusi za kwanza za lugha zetu, barua, ramani. Mkewe, Sheila, alikuwa mkutubi, na athari yake inaonekana mpaka leo katika namna mkusanyo ulivyopangwa. Murumbi hakuwa tajiri wakati huo. Alinunua kidogo kidogo kwa mshahara wa kawaida, na alinunua vitu ambavyo wengine waliona havina maana.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge, kisha waziri wa mambo ya nje, na mwezi Mei 1966 akawa Makamu wa Rais baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu. Mwaka haukwisha, naye akaachia wadhifa huo na kutoka kabisa katika siasa. Safari za uwaziri zilikuwa zimempeleka Afrika Magharibi, Ethiopia na kwingineko, na kila alikokwenda alirudi na kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi, nyumba ya sanaa iliyoleta pamoja kazi za bara zima: vitambaa, mapambo, uchongaji, na michoro ya wasanii walio hai kama Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Jambo hilo halikuwa dogo kwa wakati wake. Mtu wa Nairobi aliyetaka kuona kazi nzuri kutoka Nigeria au Ghana alikuwa hana pa kwenda karibu zaidi ya Ulaya.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 Murumbi aliamua kuuachia mkusanyo wake. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwepo. Alichagua kuiuzia serikali ya nchi yake, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, mtaa wa Nairobi, kwa makubaliano kwamba nyumba ingekuwa taasisi ya taaluma za Afrika ambamo vitabu, nyaraka na kazi za sanaa zingekaa pamoja na kusomwa pamoja. Taasisi hiyo haikuzaliwa. Kiwanja kiligawanywa, nyumba ikabomolewa. Murumbi alifariki Juni 1990 akiwa ameyashuhudia hayo, akazikwa City Park jijini Nairobi karibu na rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965. Leo mahali hapo pana bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za Elkana Ong'esa wa Kisii, Francis Nnaggenda na Expedito Mwebe wa Uganda, na wengine.

Naona ni haki kuisema hasara ya Muthaiga waziwazi, kwa sababu inaeleza sura ya mkusanyo tulio nao sasa. Ulipangwa uwe chini ya paa moja, ukaishia kugawanywa. Vitabu na nyaraka, kiasi cha 50,000 kwa jumla, viliingia Nyaraka za Taifa, na kati yake zaidi ya 8,000 ni vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Kazi nyingi za sanaa ziko katika jumba hilo hilo, kwenye ukumbi wa chini uliopewa jina lake. Nyingine zilihamia Nairobi Gallery.

Ukiingia ukumbi wa Moi Avenue, usipite haraka mbele ya vitu vidogo. Macho ya wageni huvutwa na barakoa kubwa za mbao kutoka Afrika Magharibi, na zinastahili. Lakini ningependa mgeni asimame kwanza mbele ya vijiwe vya mizani vya Waasante wa Ghana. Ni vitu vya shaba ya manjano, vingi vyake vinatosha ndani ya kiganja cha mtoto, na vilitumika kupimia vumbi la dhahabu katika biashara kwa karne kadhaa, hadi sarafu za kikoloni zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19. Kila mfanyabiashara alikuwa na vyake, na uzito wake ulijulikana.

Namna vilivyotengenezwa inafaa kuelezwa kwa utuo. Fundi alianza na nta ya nyuki. Aliifinyanga kwa vidole na kijiti mpaka ikawa samaki, kiti, mtu anayepiga ngoma au ndege. Akaipaka udongo laini, tabaka moja juu ya jingine, akiacha tundu dogo. Udongo ulipokauka aliuweka motoni. Nta ikayeyuka na kutoka kwa tundu lile, ikaacha ndani uwazi wenye umbo lake. Hapo akasubu shaba iliyoyeyushwa ndani ya uwazi huo. Ilipopoa, kalibu ya udongo ilivunjwa ili kitu kitoke. Maana yake ni kwamba kalibu ile haiwezi kutumika tena na hakuna kijiwe cha pili kilicho sawasawa na cha kwanza. Wakati mwingine fundi hakujihangaisha na nta. Alichukua njugu, mbegu, au hata panzi, akamfunika kwa udongo, moto ukamla panzi na shaba ikachukua nafasi yake, miguu na mabawa yote.

Vijiwe vya mwanzo vilikuwa na michoro ya mistari na pembe. Baadaye vikajaa wanyama, watu na vifaa, na vingi vilibeba methali. Ndege anayegeuza shingo kutazama nyuma anasema kwamba si aibu kurudi kuchukua ulichosahau. Mamba wawili walioungana tumbo moja wanagombania chakula kinachoingia mahali pamoja. Mzee aliyemlipa mtu dhahabu kwa kijiwe cha mamba angeweza kumsuta bila kufungua mdomo. Kazi kama hizi zinatuonyesha kwamba mstari unaowekwa vitabuni kati ya "sanaa" na "kifaa cha kazi" haukuwahi kuwepo kwa waliozitengeneza.

Misalaba ya Ethiopia imekaa katika mkusanyo huo kwa sababu hiyo hiyo: ni ibada, ni ufundi, ni historia ya biashara. Ipo mikubwa inayobebwa juu ya mti mrefu katika maandamano ya kanisa, ipo ya mkononi ambayo kasisi huwapa waumini waibusu, na ipo midogo ya shingoni. Tazama mistari inayosukana ndani ya msalaba wa maandamano, uifuate kwa jicho: hutapata mwanzo wala mwisho wake, na hilo limekusudiwa. Chini ya misalaba mikubwa kuna vitundu viwili kama masikio. Humo hupitishwa kitambaa kinachoning'inia. Misalaba mingi ya fedha ya karne ya 18 na ya 19 ilitokana na sarafu za Maria Theresa zilizoyeyushwa, sarafu za Austria zilizozunguka pwani zote za Bahari ya Shamu na kushuka hadi Zanzibar na Lamu. Fedha iliyokuwa mguuni mwa bibi harusi wa Lamu na fedha iliyokuwa shingoni mwa Mkristo wa Gondar huenda zilitoka katika mfuko mmoja wa mfanyabiashara.

Vitambaa, shanga na stempu za posta nitavipita kwa haraka, si kwa kuvidharau. Vitambaa havivumilii mwanga, hivyo havifai kuonyeshwa vyote kwa wakati mmoja. Ukikuta kabati lina taa hafifu, ujue ni kwa makusudi. Stempu za Murumbi ni somo la siasa kwa yeyote anayejua kuzisoma: sura za wafalme wa Ulaya zinapungua, sura za viongozi wa Afrika zinaingia, mwaka baada ya mwaka.

Kutoka Moi Avenue unaweza kutembea kwa miguu hadi Nairobi Gallery, pembeni mwa Nyayo House, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo hilo la mawe lilijengwa mwaka 1913 na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Hapo ndipo palipoandikishwa vizazi, ndoa na vifo, na hapo ndipo umbali wa barabara za nchi ulipopimiwa kuanzia. Leo lina vyumba vya mkusanyo wa Murumbi pamoja na maonyesho ya kupokezana. Nafurahi kwamba nyumba ya maandikisho ndiyo inayotunza vitu vya mtu aliyejali maandikisho kuliko wakusanyaji wengi wa zama zake.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alishike. Nchi inaweza kununua vinyago elfu moja ikabaki haina kitu, kama haijui nani alivichonga, vilitumika wapi, vilitoka mkononi mwa nani, na kwa njia gani. Sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi tunaita habari hizo asili ya kitu, na ndizo tunazozitafuta kwanza kitu kinapofika mezani. Kitu kisicho na habari kinaweza kupendeza ukutani. Hakiwezi kusimama mahakamani kikathibitisha ni cha nani, hakiwezi kumsaidia mjukuu wa fundi kumtambua babu yake, hakiwezi kumfundisha mwanafunzi. Thamani kubwa ya mkusanyo wa Murumbi ni kwamba vitu na karatasi viliingia kwa mkono mmoja.

Tumejifunza kwa uchungu kinachotokea karatasi zikiondoka. Waingereza walipokaribia kukabidhi nchi mwaka 1963, majalada mengi ya siri yalipakiwa na kupelekwa Uingereza. Kenya ilianza kuyaomba tangu miaka ya 1960. Mwaka 2011, wazee waliokuwa Mau Mau wakiwa mahakamani London, ndipo ilipokubaliwa hadharani kwamba majalada kiasi cha 1,500 yanayohusu Kenya yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali nchini Uingereza, miaka yote hiyo.

Makumbusho ya kwenye kilima cha Nairobi yalianza kwa nia tofauti kabisa. Mwaka 1910 kikundi cha walowezi na maofisa waliopenda elimu ya viumbe kilianzisha makumbusho madogo ya kuweka ndege, wadudu na mimea. Mwaka 1930 yalihamia jengo jipya kilimani, likaitwa Coryndon kwa jina la gavana aliyefariki miaka mitano kabla, na baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa. Katika utaratibu huo wa awali, kazi za mikono ya Waafrika ziliwekwa pamoja na elimu ya makabila. Kigoda kilionyeshwa kama mfano wa vigoda vya watu fulani, bila jina la aliyekichonga, hata kama fundi huyo alijulikana vijiji saba. Fikra hiyo haikuwa ya Nairobi peke yake. Ndivyo yalivyofanya karibu makumbusho yote ya Ulaya. Lakini madhara yake tunayo: kazi kubwa sana ya uhifadhi wa sasa ni kujaribu kurudisha majina ambayo yangeandikwa kwa dakika moja kama mtu angeuliza.

Picha za Joy Adamson zinahitaji kutazamwa kwa akili hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alizunguka nchi akichora watu wa jamii mbalimbali wakiwa na mavazi na mapambo ya sherehe, na makumbusho yana mamia ya michoro yake. Kwa mtafiti wa mapambo hakuna mfano wake: kila ushanga uko mahali pake, kila chale imeonekana. Na bado zilichorwa ili kuonyesha aina za watu, kwa macho ya mgeni aliyedhani anachora kitu kinachokwisha. Ni vizuri kumwambia mwanafunzi mambo yote mawili.

Wakati huo huo wachoraji wa Afrika Mashariki walikuwa wanajitokeza. Shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, iliwafundisha Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wana wa Kilimanjaro, na Rosemary Karuga wa Kenya. Ntiro alichora maisha ya Uchagani: migomba, mavuno, watu wakibeba pombe ya ndizi usiku kwenda kwa bibi harusi. Mchoro huo wa pombe, wa mwaka 1956, ulinunuliwa na MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, mwaka 1960. Tanganyika haikuwa hata na bendera yake. Mwaka uliofuata msanii huyo akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huru jijini London. Njau alichora michoro mitano mikubwa ya maisha ya Yesu katika kanisa kuu la kumbukumbu la Murang'a mwaka 1959, akimweka Yesu katika mandhari ya Kiafrika, mahali ambapo vita vya Mau Mau vilikuwa vimeacha makaburi mengi. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Karuga yeye alifundisha shule miaka mingi, na kazi zake zilizomjulisha zilitoka kwenye karatasi za pakiti za unga na sabuni alizochana na kuzibandika zikawa kuku, watoto na wanawake sokoni.

Kazi hizi zote ni sanaa ya taifa kwa maana kamili ya neno hilo. Ni chache mno zilizonunuliwa na umma. Kwa miongo mingi aliyenunua alikuwa mtalii, balozi au mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba wake, na mchoro ukapanda ndege pamoja naye. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alipoandaa kazi za wachoraji wa Afrika Mashariki chini ya jina "Mwili, Akili na Roho", maonyesho hayo yalianzia Munich na London ndipo baadaye taasisi ya sanaa ya kisasa aliyoianzisha jijini Nairobi, NCAI, ikawapa wakazi wa Nairobi nafasi ya kuyaona. Najua wengine huona jambo hilo ni la kawaida. Mimi sioni hivyo. Bajeti ya kununua kazi za wasanii walio hai, hata iwe ndogo, inayotolewa kila mwaka bila kukatizwa, ingebadilisha hali ndani ya kizazi kimoja, na gharama yake ingekuwa nafuu kuliko kujaribu kununua kazi hizo hizo kwenye minada ya London miaka thelathini baadaye.

Nairobi isitusahaulishe pwani. Katika makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, tarumbeta kubwa za sherehe, ambazo kwa maoni yangu ni miongoni mwa kazi bora za mikono zilizo Kenya. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na kila moja ina urefu wa takribani mita mbili. Siwa ya shaba ilisubiwa kwa njia ile ile ya nta niliyoieleza juu ya Waasante, ila hapa fundi alihitaji kuunganisha vipande na kupamba kwa maandishi na nakshi. Siwa haikuwa tarumbeta ya kila mtu. Ilipulizwa katika sherehe za watawala na za koo kubwa, na kunyimwa siwa kulikuwa aibu. Habari za Pate zinasimulia juu ya Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya enzi kwa ajili ya sherehe ya mwanawe, naye badala ya kunyamaza akamwagiza fundi achonge nyingine. Kwa kisa hicho tunajua mengi kuhusu heshima ya kitu hicho kuliko kipimo chochote cha urefu na uzito kinavyoweza kutuambia.

Upande wa pili wa pwani hiyo hiyo uko msiba. Miongoni mwa Wamijikenda, hasa Wagiriama, mzee wa chama cha gohu akifariki huchongewa kigango, nguzo ya mbao yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, husimikwa mahali pake, na familia humtambikia hapo. Kigango hakihamishwi. Kuanzia miaka ya 1970 viliibwa kwa mamia, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani kwa jina la "sanamu za Kiafrika".

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Aliporudi kumletea picha yake, mzee akamwambia vigango vimeibwa. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, Udvardy akaona kwenye skrini, katika mada ya mwenzake Linda Giles, kigango anachokifahamu. Kilikuwa Illinois, cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile moja ndiyo iliyokuwa ushahidi. Vyote viwili vilirudi, na mwaka 2007 familia ikavipokea. Baadaye makumbusho ya Denver nayo yakarudisha vigango 30, vilivyofika Kenya mwaka 2019. Lakini hivyo 30 havikuwa na picha wala jina la boma vilikotoka. Vimerudi nchini, na mpaka kujulikana ni vya nani haviwezi kurudi nyumbani.

Tofauti kati ya kundi la kwanza na la pili ni kipande kimoja cha karatasi ya picha.

Ndiyo maana kazi ya kuorodhesha inaendelea. Kati ya 2018 na 2021, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wasanii wa Kenya, wakishirikiana na makumbusho ya Ujerumani, walikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko katika taasisi za Ulaya na Marekani. Walipata zaidi ya 32,000. Vingi viko stoo, havijaonyeshwa kamwe. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, iko British Museum. Orodha yenyewe hairudishi kitu, ila huwezi kudai usichojua kwamba kipo.

Nyumba nyingi za wasomaji wa makala hii zina vitu vya aina hii: kigoda cha babu, kibuyu cha maziwa, mkeka wa bibi, kifuko cha shanga, daftari la mashairi lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hakuna haja ya kuvileta makumbusho ili vitunzwe. Kitu cha kufanya wiki hii ni kukipiga picha mbele, nyuma na chini, kando yake ukiweka rula ili ukubwa ujulikane. Mkalishe mkubwa wa familia, umwombe aeleze nani alikitengeneza, kilipatikanaje, kilitumika lini, na kama kina wimbo au jina. Mrekodi kwa simu, kwa lugha yake mwenyewe, bila kumkatiza. Andika tarehe na jina la kijiji. Hifadhi nakala mahali pawili.

Usisugue shaba kwa limau na majivu: kila ukisugua, nakshi zinalika, na weusi ule unaouona kama uchafu mara nyingi ndio ngozi inayoulinda mtali au kengele. Usipake vanishi kwenye mbao za zamani. Usibandike lebo ya gundi. Funga kipande cha kitambaa cha pamba kilichoandikwa kwa penseli. Nguo za kale zisining'inizwe juani wala zisikunjwe miaka na mikaka kwenye mkunjo ule ule. Ukiona unga laini chini ya kinyago, kuna mdudu ndani anayekula. Kitenganishe na vingine mara moja, kisha uliza makumbusho yaliyo karibu.

Na mtu akija na fedha kununua vitu vya kale kijijini, kumbukeni kwamba Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kutoa nje ya nchi vitu vya urithi vinavyolindwa bila kibali. Mwulizeni kibali chake. Kama kimeibwa kitu, pelekeni polisi ile picha mliyoipiga, na nakala yake ipelekeni makumbusho, ili iingie kwenye kumbukumbu kabla kitu hakijafika bandarini.